Ukuta wa Nyuma ya Kitanda

Watu wa Kinuni husema nilimnyima mume wangu utajiri. Husema hivyo mpaka leo, tena wakiwa wamekalia viti vyangu na kunywa chai yangu. Mimi huwaacha waseme. Nyumba wanayonisemea ndani yake bado imesimama, na sioni jibu jingine la kuwapa.

Jina langu ni Paskazia, mzaliwa wa Nkome, na maisha yangu yote nimeuza dagaa. Nilikuwa nikiwanunua ziwani wangali wa moto kwa jua, nawapakia kwenye magunia, nawaleta huku juu kwenye vijiji vya Geita ambako watu hawajui samaki mbichi anafananaje. Mume wangu alikuwa Maganga, Msukuma wa Shinyanga, aliyeletwa huku na kazi ya mgodi. Mgodi wenyewe ulikuwa mdogo. Ulikwisha kufungwa miaka mingi, wenyewe wakang'oa mitambo wakaenda zao. Kilichobaki ni jina la mahali, Kinuni, kwa sababu ya kinu cha kusagia mawe kilichokuwapo, na kilima cha mchanga laini wa kijivu, mchanga uliosagwa ukaoshwa ukatupwa. Wachimbaji huuita marudio.

Maganga alifanya kazi kwenye kinu hicho tangu ndevu hazijamwota. Kinu kiliposimama, yeye hakusimama. Alikuwa na neno moja tu, na neno hilo alilisema kilabuni, alilisema sokoni, alilisema hata nje ya kanisa watu wakitoka misa: kwamba dhahabu nyingi ilipita na maji ikaenda kukaa kwenye marudio. "Niliiona ikipita kwa macho yangu haya," alisema, na alikuwa akiyavuta chini kwa vidole ili uyaone vizuri. Watu wakampa jina la Maganga Marudio. Watoto walimwita hivyo barabarani wakikimbia.

Alikwishaosha mchanga wa kilima kile makarai kwa makarai bila kuambulia kitu. Kilima ni kikubwa, alisema, dhahabu imelala upande mmoja, nami sijaujua upande wenyewe. Basi akawa anakwenda kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, anarudi na kifua kimejaa vumbi na mikono mitupu. Sikumsema sana. Nilimpenda, na mtu unayempenda unamwachia upungufu wake mmoja, mradi chakula kipo. Na chakula kilikuwapo, kikitoka Nkome kwenye magunia yangu.

Nilichokuwa nikikitaka mimi ni nyumba. Ile ya kwanza tuliyokaa ilikuwa ya matofali mabichi yasiyopigwa lipu, na mwaka mmoja mvua za vuli zilipoingia, ukuta wa upande wa jikoni uliloa, ukavimba, ukaketi chini kama mtu aliyechoka. Binti yetu Serafina alikuwa mdogo, amelala upande wa pili. Nilimnyakua na blanketi lake, na tulipofika mlangoni paa nalo likaja. Tokea siku hiyo kila wingu likikusanyika upande wa ziwa, nilitoka nje kuzikagua kuta.

Nikajenga nyingine. Matofali yalikuwa mabichi vilevile, kwa sababu kuni za kuchomea tanuru hatukuwa nazo, lakini niliapa kwamba hii itapigwa lipu ya saruji ndani na nje. Wanaokumbuka miaka ile wanajua saruji ilikuwa kitu gani. Ilitoka kwa kibali, na kibali kilitoka kwa mtu aliyekuwa safarini kila ulipomwendea. Nilikusanya mfuko mmoja mmoja, nikaificha chini ya kitanda, nikaitunza kuliko hata nguo zangu. Ilipotosha, nikamleta fundi mwashi mmoja, Mihayo, akapiga lipu nyumba nzima, ikanyooka hata ukaona haya kuiegemea. Mihayo akahamia Kagongwa kwa shemeji zake, nasi tukahamia ndani.

Kiangazi kilichofuata nyumba ikaota manyoya. Sisemi uongo. Kuta zilitoka unga mweupe, mwepesi, uliosimama kama ukungu wa mkate uliooza, ndani na nje. Ukiufuta leo, kesho umerudi. Nikatafuta rangi, nikaipata kwa taabu, nikapaka sebule mwenyewe. Rangi ikakaa muda mfupi, kisha ikajivua, ikawa inadondoka kwa magamba. Na mahali ilipodondoka, lipu yenyewe ililainika, ukiikwaruza kwa ukucha inatoka. Hapo ndipo nilipoogopa. Rangi ilikuwa urembo tu. Lipu ndiyo iliyokuwa kati ya mvua na matofali yale mabichi.

Nikamwita Salehe. Huyu alikuwa fundi rangi wa mjini Geita, mtu wa Ujiji kwa asili, mpole, kofia haimtoki kichwani, na zamani alikuwa akipaka nyumba za kampuni kule Mwadui. Alifika, akasalimia, akakataa kiti. Alipitisha kiganja ukutani akakitazama, akatemea kidole mate akagusa ule unga, akauonja.

"Chumvi," akasema. "Mama Serafina, mchanga wa lipu hii ulitoka wapi?"

"Mimi sijui. Mihayo alileta na mkokoteni."

Maganga alikuwa amesimama mlangoni. "Ulitoka kilimani," akasema. "Kwenye marudio. Ni karibu, na ni laini, hauhitaji kuchekechwa."

Salehe akatikisa kichwa. Mchanga ule, alitueleza, ulioshwa kwa dawa za mgodi, na chumvi zake zimebaki ndani. Kila unyevu unapopita, unaibeba chumvi unaileta usoni, na inapotoka inaichimba lipu. Ukipaka rangi juu yake unaifungia mlango tu, itautoboa. Dawa ni kuupangusa ukuta mkavu kwa brashi ngumu, bila maji kabisa, uendelee kuupangusa mpaka uchoke kutoa unga. Halafu uunyweshe mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mpaka ukatae. Ukuta ukishashiba mafuta, maji hayapiti, na chumvi haina wa kuibeba. Juu ya hayo ndipo praima, ile rangi ya chini, ndipo rangi yenyewe.

"Lipu ingekuwa changa ningekukatalia," akasema, "maana chokaa ya saruji mpya inayala mafuta. Hii imekomaa. Na mafuta ninayo, debe nililolinunua Mwanza duka moja lilipofunga. Lakini tuwahi kabla ya vuli. Mvua ikiikuta hivi ilivyo, sikuahidi kitu."

Tukakubaliana. Salehe akaanza kupangusa. Alitandika turubai chini ya ukuta, akasugua kwa brashi ya waya, na unga ukawa unaanguka pamoja na mchanga mwembamba wa juu ya lipu. Jioni anakung'uta turubai nyuma ya choo, asubuhi anaanza tena.

Sasa, mtu aliyekulia kwenye kinu haoni mchanga umelala chini akaupita. Maganga aliutazama ule mkusanyo nyuma ya choo siku ya kwanza, akautazama siku ya pili. Siku iliyofuata nilimkuta amechuchumaa kando ya pipa la maji na karai mikononi, anazungusha taratibu, anamwaga, anazungusha. Nikacheka. Nikamwambia, "Baba Serafina, sasa utatuoshea na majivu ya jikoni."

Alizidi kuzungusha, akainamisha karai upande, akatulia. Kisha akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ndogo.

"Njoo uone."

Chini ya karai, pembeni kabisa, palikuwa na mstari mwembamba wa njano. Ulikuwa mfupi kuliko kope. Aliutikisa, mchanga mweusi ukasogea, wenyewe ukabaki palepale ukiwaka. Mimi si mchimbaji, lakini dhahabu mtu haelezwi.

Maganga alianza kulia. Alilia na karai mkononi, bila kujifuta, akisema, "Nilisema. Sikusema mimi? Nilisema." Nami nikalia, kwa sababu miaka yote ile nilimwamini kwa mdomo tu. Nikamshika bega. Kwa kitambo kile kifupi tulikuwa na furaha wote wawili, naikumbuka hata sasa.

Halafu akainua macho, akaitazama nyumba.

Nikajua. Kabla hajafungua kinywa nilijua.

"Mihayo aliupata upande wenyewe," akasema. "Yule bwana alipiga jembe palepale, hata hakujua. Na hata yeye hawezi kupaonyesha tena, mvua imepafukia. Upande wote uko hapa." Akaonyesha kuta zangu kwa kidole.

"Yale ya turubai si yanakutosha?"

"Hayo ni vumbi, Mama Serafina. Lipu yenyewe ndiyo mali. Tunaibandua, tunaitwanga, tunaitia zebaki ikamate dhahabu. Nkwabi ana zebaki."

"Na nyumba?"

"Tutapiga lipu nyingine."

"Kwa saruji ipi?"

"Nikiwa na dhahabu nitakosa saruji?"

Nilimwambia abandue ya ndani basi, ya nje aniachie. Akasema ya nje ndiyo nene. Nikamwambia tofali bichi halipigwi nyundo likabaki lilivyo, litapasuka. Akasema atapiga polepole. Nikamwambia vuli iko mlangoni. Akasema, "Vuli si kila mwaka inachelewa?" Nikamkumbusha ukuta wa jikoni, na Serafina kwenye blanketi. Hapo akaniangalia kwa huruma kabisa, huruma ya kweli, kisha akasema, "Watu wananicheka tangu Serafina hajazaliwa. Niache niwaonyeshe mara moja tu." Akavaa viatu akaenda kumtafuta Nkwabi, ambaye alikuwa mchimbaji mwenzake, kwenye maduara yaliyokuwa mbali kidogo. Alisema watarudi kesho na zana.

Salehe alikuwa juu ya ngazi muda wote huo. Alikuwa amesikia kila neno. Aliteremka, akaanza kukusanya brashi zake.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Mama Serafina, mwenye nyumba amesema inabanduliwa. Mimi sina kazi tena hapa."

Mwenye nyumba! Nilikaa kwenye kizingiti. Nilikuwa na hasira ya kutaka kutafuna kitu, na zaidi ya hasira nilikuwa na hofu, na zaidi ya hofu nilikuwa namwonea Maganga uchungu, maana aliyoyasema yalikuwa ya haki. Alikuwa mkweli, wakamfanya kichekesho. Nikawa namfikiria enzi za kinu chake, hadithi zake ambazo nilizisikia mpaka nikazijua kuliko Baba Yetu. Hadithi ya mzungu aliyeogopa buibui. Hadithi ya mkanda uliokatika. Na hadithi ya Zamoyoni.

Zamoyoni alikuwa mtu wa kutia grisi mashine. Siku moja grisi ilimdondokea kwenye maji ya kinu, na msimamizi alimpiga kofi mbele ya watu wote akamfukuza kazi palepale. Maganga alipenda kuisimulia hadithi hiyo, akiigiza na kofi lenyewe. Kisha huinua kidole na kutufundisha sababu: dhahabu ikishapata mafuta, zebaki haiikamati. Inateleza juu yake inakwenda na maji. Mchanga ulioingia mafuta, hata uwe na dhahabu ya mfalme, ni mchanga tu.

Niliinuka pale kizingitini.

"Mwalimu Salehe," nikasema, sijui kwa nini nilimwita mwalimu, "yachemshe yale mafuta."

Alinitazama sana. Hakuwa mjinga, aliielewa haraka. "Dada yangu, mimi naishi na watu," akasema. "Kati ya mke na mume siingii. Kesho wataniita mimi ndiye niliyeitia nyumba ya mtu mafuta."

"Basi nionyeshe tu. Nitapaka mwenyewe."

"Na yeye akirudi utamwambia nini?"

"Nitamwambia ukweli. Lakini akikuta nimeshapaka."

Akasimama akizungusha kofia kichwani. Kisha, bila kusema ndiyo wala hapana, akaokota mawe matatu akayapanga uani.

Mafuta ya kitani ni mazito, rangi yake ya asali, na yakipashwa moto yanatoa harufu inayokaa kwenye nywele. Salehe aliyapasha mbali na nyumba, akayatia tapentaini kidogo yawe mepesi, akanionyesha namna ya kupaka: unaanza chini unapanda, ili yasichuruzike juu ya pakavu yakaacha mistari. Hupaki ukasonga mbele. Unapaka, unasubiri, unapaka tena mahali palepale, mpaka ukuta uache kunywa na uanze kung'aa. "Usiuonee huruma," akasema. "Ukuta wenye njaa unadanganya, unaonekana umeshiba kumbe juu juu."

Nilianza na upande wa ziwa, upande ambao mvua hutoka. Lipu ilikuwa na kiu ya kutisha. Niligusisha brashi na mafuta yakapotea mbele ya macho yangu, ukuta ukabadilika kutoka kijivu kuwa wa kahawia, nami nikawa najua kila mpako ninaoupaka ni wa kumfungia mume wangu dhahabu yake. Sitaki kusema nilipaka kwa furaha. Mkono ulikuwa unakwenda na machozi yanakwenda. Salehe alivumilia alivyoweza, kisha akapanda ngazi na brashi yake, akachukua sehemu za juu. Alisema ni kwa sababu ningeanguka.

Tulifanya mpaka jua likatushinda, tukaanza tena alfajiri. Nje tukamaliza. Tukaingia ndani, sebule, chumba cha Serafina, ukumbi. Ikabaki chumba chetu cha kulala, nacho tukakipaka pande tatu. Ukabaki ukuta wa nyuma ya kitanda. Salehe akachovya brashi.

"Acha huo," nikasema.

"Mafuta yapo, yanatosha."

"Najua. Ukiachwa, nyumba itaanguka?"

Akafikiri. "Nje umeshashiba, mvua haitaingia. Kwa ndani utakuwa unatoa unga wake tu. Hauanguki leo wala kesho."

"Basi uache. Huo ni wa Baba Serafina."

Maganga na Nkwabi walifika saa za chai. Harufu iliwapokea barabarani, nilijua kwa sababu nilimwona Maganga akipunguza mwendo tangu kwenye ua wa jirani. Nkwabi alikuwa mbele, na nyundo begani, na kichupa cha zebaki kimefungwa kwenye kitambaa shingoni kama hirizi. Akafika ukutani, akapitisha kidole, akanusa. Akanitazama. Kisha akaangua kicheko, kicheko kile cha wachimbaji kinachosikika duara la saba.

"Shemeji kaipikia nyumba!" akasema. "Maganga, hii si ya zebaki tena, hii ni ya kukaanga mihogo. Yaya, hapana, mimi narudi zangu."

Akaenda kweli, anacheka njia nzima. Na nilijua kabla ya jioni kicheko hicho kitakuwa kimefika kilabuni, na jina la Maganga Marudio litaongezewa la pili.

Maganga hakucheka wala hakunigusa. Wanaume wengine wangepiga, na nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Alizunguka nyumba nzima, mkono wake unapita ukutani, mzunguko mzima, akarudi mbele yangu. Viganja vyake viling'aa mafuta.

"Ni mimi niliyekusimulia," akasema. "Habari za Zamoyoni."

"Ni wewe."

"Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Ningefanya nini, Baba Serafina? Niambie ningefanya nini."

"Ungeniamini."

"Nilikuamini! Nisingekuamini ningehangaika na mafuta ya nini? Nimeiona ile dhahabu. Ulisema kweli, miaka yote hiyo ulisema kweli, nami najua."

"Unajua wewe," akasema. "Wewe peke yako."

Neno hilo lilinichoma na halijaacha. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ushahidi wake wote duniani nilikuwa nimeunywesha mafuta ili mimi nilale bila kuogopa mawingu, na kama ingerudi siku ile ningefanya vilevile. Nilimwambia hivyo hivyo, sikumficha. Kisha nikamwambia kuhusu ukuta wa nyuma ya kitanda, kwamba haukuguswa, kwamba ni wake, aubandue atakavyo, matofali yakipasuka tutajua la kufanya.

Aliingia ndani na nyundo. Salehe akatazama chini. Mimi nikaketi uani nikisubiri kusikia mlio wa kwanza. Nilisubiri mpaka Serafina akatoka shule, akauliza kwa nini nyumba inanuka, na mlio haukuja. Nikaingia.

Alikuwa ameketi kitandani, ameukabili ukuta, nyundo juu ya magoti. Alikuwa ameupangusa unga kwa mkono, mahali padogo penye ukubwa wa sahani, akapatazama hapo.

"Hujaanza?"

"Nikiubandua huu," akasema bila kugeuka, "itatoka iliyomo. Ikiwa ndogo, basi itakuwa ndogo. Nkwabi atasema, si hiyo tu?" Akaugusa ukuta kwa kidole. "Hapa ilipo haijapimwa na mtu."

Akaiweka nyundo chini ya kitanda, mahali nilipokuwa nikificha saruji.

Vuli ilikuja mapema mwaka ule, na ilikuja kwa nguvu. Nilisimama dirishani nikiyaona maji yakigonga ukuta wa upande wa ziwa na kuteremka bila kuingia. Nyumba mbili za majirani ziliketi chini. Yetu haikutikisika, na Serafina alilala fofofo. Maganga alikuwa macho, amelala ubavu, uso ameuelekeza ukutani.

Hakwenda tena kwenye maduara. Alinisaidia dagaa, akawa anafunga magunia. Lakini akiwa kilabuni, wakimwuliza kwa utani habari za dhahabu yake, hakuwa akibishana kama zamani. Alisema tu, "Iko nyumbani, imelala," wakacheka, naye akacheka nao. Kila kiangazi ukuta ule uliota manyoya yake meupe, nami nilifagia unga chini ya kitanda kila asubuhi. Salehe alipita mara kwa mara akasema, "Baba Serafina, huo ukuta unajila, nikunyweshee bure." Maganga alimshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, fundi. Uache."

Kifua kilichobeba vumbi la kinu kikaja kudai baadaye. Alikonda, akawa hatoki kitandani, na kitanda chenyewe akaomba tukigeuze, ili alale ameuelekea ukuta bila kupinda shingo. Siku za mwisho hakuzungumza sana. Alikuwa akinyoosha kidole akaugusa, akakitazama kidole. Tulimzika Kinuni, upande ambao kilima cha marudio kinaonekana.

Matanga hayajaanuliwa vizuri, Nkwabi akaja. Alitoa pole zake, akanywa chai, akasafisha koo. "Shemeji," akasema, "ule ukuta wa chumbani, marehemu hakuugusa. Nina karai langu nje. Tuujaribu tu, tujue kama alikuwa anasema kweli."

Aliuliza bila ubaya, ninaamini hivyo. Pengine hata alitaka kumrudishia rafiki yake heshima. Nami nilikuwa mjane na nyumba ilikuwa na mambo yake, dhahabu ingenifaa. Nilimtazama Nkwabi, nikamfikiria Maganga ameketi na nyundo magotini, akisema haijapimwa na mtu. Nikamwambia anisubiri, nikamtuma Serafina, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima, akamwite Salehe.

Salehe alikuja na debe lake, mzee sasa, kofia ileile. Akapanga mawe matatu uani. Nkwabi alipoisikia harufu alisimama, akasema, "Shemeji, hata huu?"

"Hata huu."

Tulikisogeza kitanda. Niliupangusa unga kwa brashi mara ya mwisho, unga ule niliofagia miaka yote, kisha nikachukua brashi ya mafuta mwenyewe. Nilianzia chini nikipanda. Nilipofika pale penye ukubwa wa sahani, palipokuwa pameng'aa kwa kidole chake, mkono ulisita, nikalia kidogo. Halafu nikapaka, nikasubiri, nikapaka tena, mpaka ukuta ukakataa.